Maji ya Kupandishwa: Skimu ya Ahero na Watu wa Mferejini

Ukitoka Kisumu kwa barabara ya Nairobi, baada ya kilomita 20 na kitu unafika Ahero. Ingia ndani kidogo, uache kelele za stendi, utakuta kijani kisicho cha miwa wala mahindi. Ni mpunga, umegawanywa kwa matuta membamba ya udongo, na kando ya mifereji kuna nyumba za wanaoulima.

Uwanda wa Kano, ambako Ahero ipo, haujawahi kuwa na uhusiano rahisi na maji. Udongo wake mweusi hunata masika na kupasuka nyufa kiangazi. Mto Nyando huteremka kutoka milima ya Nandi ukiwa mwekundu kwa matope. Ukijaa huingia majumbani, ukipungua mifugo hukosa pa kunywa. Mafuriko ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 yalikuwa hayajasahaulika pale serikali ilipounda Bodi ya Taifa ya Unyunyizaji mwaka 1966. Skimu ya Ahero ilianza kazi mwaka 1969. Dada yake, West Kano, inayovuta maji ziwani, ilifuata katikati ya miaka ya 1970.

Kila familia ilipewa ekari 4 za mpunga. Ilikaa kwa leseni ya Bodi, na Bodi ndiyo iliyopanga siku ya kulima na siku ya kufungulia maji, ikaleta trekta, mbegu na mbolea, kisha ikakata gharama zake baada ya mavuno.

Yaliyofuata hayaeleweki bila kuielewa pampu. Kule kwenye skimu ya mpunga ya Mwea, maji ya mito ya Thiba na Nyamindi hujiteremkia yenyewe hadi shambani. Ahero, mto uko chini na shamba liko juu, hivyo kila tone hupandishwa kwa umeme, na umeme una bili. Mchele ukishuka bei, bili haishuki. Madeni yalilimbikizana hadi, karibu na mwaka 2000, pampu zikanyamaza. Mifereji ikaota magugu, na mashamba yaliyowasomesha watoto yakageuka malisho. Hiyo ndiyo miaka migumu kuliko yote katika historia ya skimu hii, na heshima yangu kubwa ni kwa waliobaki hapo wakingoja.

Ufufuaji ulikuja ndani ya muongo uliofuata. Mwaka 2019 Bodi ikawa Mamlaka ya Taifa ya Unyunyizaji, lakini kazi ya mferejini ni ileile. Wanawake huinama katika mstari, maji yakiwafika kwenye vifundo vya miguu, kitita cha miche mkono wa kushoto, wa kulia ukichomeka mche mmoja mmoja topeni, huku wakirudi kinyumenyume. Mpunga ukianza kutoa suke, ni zamu ya kuamia ndege: tangu alfajiri, madebe yanagongwa na watu wanapiga kelele hadi sauti zinakauka. Yangeyange hawafukuzwi, wao hula wadudu.

Waliopokea ekari zile 4 za mwanzo sasa ni wazee, na wanapungua. Kama una mzazi au babu kati yao, kaa naye jioni moja na daftari. Muulize shamba lake lilikuwa namba ngapi, jirani zake walikuwa kina nani, na maji ya kwanza yalipofika yalimkuta akifanya nini.