Hesabu ya 33

Chukua ndizi ya Kampala pale soko la Gakoromone, mjini Meru, uikate katikati. Vile vidoa vyeusi ni mbegu ambazo hazikukua.

Ili mmea upate mbegu, seli zake za uzazi hujigawa kwa nusu. Kromosomu hujipanga wawili wawili, kisha jozi huachana. Mgomba huu una seti tatu, jumla 33. Sasa wapange watu watatu wawili wawili uone: mmoja anabaki amesimama. Hesabu inagoma, mbegu haiji. Unabaki ule mgawanyiko wa kawaida, seli moja inanakili kila kitu na kuwa mbili zinazofanana. Huo ndio unaotoa chipukizi kando ya mama. Ukimpa jirani chipukizi, umempa mgomba wako wewe, si mtoto wake.

Hilo liliwafaa sana watu wa Meru na Embu. Kahawa ilikuwa pesa yao tangu miaka ya 1930, wakoloni walipowaruhusu kuipanda. Julai 1989 mkataba wa kimataifa wa kahawa ukavunjika, bei ikaporomoka. Kung'oa mikahawa kulikuwa kosa kisheria, basi wengi wakapenyeza migomba katikati. Zao lililodharauliwa kuwa la wamama likaanza kulipa karo.

Lakini chipukizi hubeba pia fukusi, minyoo na kuvu wa mnyauko. Miaka ya 1990 wanasayansi wa Kenya, Florence Wambugu akiwa mstari wa mbele, wakaeneza miche ya maabara. Unatoa ncha changa ya mgomba, pale seli zinapojigawa bila kuchoka, unaiweka chupani na virutubisho na homoni. Ncha moja inatoa mamia ya miche safi.

Safi, ndiyo, ila si sugu. Kuvu hukaa udongoni miongo mingi, na mche wa Kampala ukipandwa hapo unanyauka kama mama yake. Kampala ndiyo Gros Michel, ileile ambayo kuvu huyo aliifuta kwenye mashamba makubwa ya Amerika ya Kati katikati ya karne ya 20. Kwangu bado ndiyo tamu kuliko zote, usibishe.

Wakulima wengi sasa wanapanda Cavendish, inayostahimili kuvu huyo wa zamani. Mwaka 2013 aina nyingine ya kuvu, inayoiua Cavendish, iligunduliwa Msumbiji. Na Cavendish nayo ina kromosomu 33.