Mita Thelathini za Hewa: Sheria, Ardhi na Kazi Chini ya Laini za Umeme Katika Bonde la Ufa la Kati

Sheria zinazotawala kazi karibu na laini za umeme za juu, yaani nyaya zinazobebwa na nguzo au minara badala ya kuzikwa ardhini, hazikuanza nchini Kenya kama sheria za kumlinda mfanyakazi. Zilianza kama sheria za kulinda biashara ya umeme pamoja na njia ambamo nyaya zake zilipita, na sehemu kubwa ya karne ya ishirini ilikwisha kabla mwashi, mkata miti, dereva wa trekta au mpaka rangi, ambao waya uliwakuta tu kazini pao, hawajatajwa waziwazi katika maandishi ya sheria. Nakuru na Bonde la Ufa la kati hufaa sana kwa kufuatilia mwendo huo, kwa kuwa huku ndiko ilikopita laini ya kwanza ya kuleta umeme Kenya kutoka nchi jirani, huku ndiko mashamba ya walowezi yaliyoipokea laini hiyo yalikokatwa baadaye kuwa maelfu ya ploti, na ni huku, Olkaria karibu na Naivasha, ndiko mtambo wa kwanza nchini wa umeme wa mvuke wa ardhini ulikowashwa mwaka 1981.

Kampuni za kwanza za umeme zilianzishwa Mombasa na Nairobi mwaka 1908, na mwaka 1922 zikaunganishwa kuwa Kampuni ya Nguvu za Umeme na Mwanga ya Afrika Mashariki, ambayo ndiyo mzazi wa Kenya Power ya leo. Nakuru, mji ulioanza kama kituo cha reli mwaka 1900 na kutangazwa rasmi mwaka 1904, ulikuwa na umeme wake kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, ingawa umeme huo ulihudumia zaidi maduka, ofisi na nyumba za Wazungu kuliko mitaa ya Waafrika. Sheria ya Nguvu za Umeme, iliyojulikana kwa miongo mingi kama Sura ya 314, ilijengwa juu ya leseni: kampuni ilipewa eneo la kuhudumia, na serikali nayo ikapata mamlaka ya kusimamia bei, volti na namna ya kusimamisha laini. Katika mpango huo jirani wa laini alionekana kama mwenye ardhi ambaye ridhaa yake ilihitajika, na mti ulionekana kama kizuizi ambacho kampuni ilikuwa na haki ya kukikata. Kibarua aliyeshika panga chini ya mti huo hakuwa na nafasi ya pekee.

Nafasi yake, kama ilikuwepo, ilipaswa kutafutwa katika sheria nyingine kabisa. Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950, iliyoanza kutumika Septemba 1951, ilifuata kielelezo cha sheria ya Uingereza ya mwaka 1937, na jicho lake lilikuwa kwenye mashine, boila, milango ya dharura na vifuniko vya magurudumu yanayozunguka. Ilileta wakaguzi wenye uwezo wa kuingia mahali pa kazi na kushtaki, jambo ambalo halikuwa dogo; lakini shamba la ngano la Njoro au la mkonge kule Solai halikuwa kiwanda, na mtu aliyeinua bomba la chuma chini ya waya katikati ya shamba hilo hakuwa, machoni mwa sheria hiyo, mfanyakazi wa kiwandani. Hivyo tangu mwanzo kulikuwa na sheria mbili zilizopishana bila kukutana: moja iliyoujua waya bila kumjua kibarua, na nyingine iliyomjua kibarua wa kiwandani bila kushughulika sana na waya uliopita nje ya ukuta.

Pengo hilo lilizidi kupanuka pale laini zilipokuwa kubwa. Mwaka 1954, ambao ndio mwaka bwawa la umeme la Owen Falls lilipozinduliwa pale Jinja, Uganda, iliundwa Kampuni ya Nguvu za Umeme ya Kenya ili kujenga laini ya kuleta sehemu ya umeme huo kutoka Tororo hadi Nairobi. Laini hiyo ilibeba kilovoti 132, na kilovoti moja ni volti 1,000, ilhali umeme unaoingia katika nyumba ya kawaida ni volti 240. Ilishuka kutoka nyanda za Lessos, ikapita Lanet, ubavuni mwa mji wa Nakuru, kisha ikaambaa na Naivasha hadi jijini. Kwa laini ya kiwango hicho, ukanda unaotengwa chini na kando ya nyaya una upana wa mita 30, na kwa laini za kilovoti 400, kama ile inayotoka Loiyangalani hadi Suswa, ukanda hufika mita 60. Kisheria mwenye ardhi hanyang'anywi ukanda huo. Kinachochukuliwa ni haki ya kupitisha nyaya, nayo humruhusu mwenye shamba kuendelea kulima mahindi, viazi au maharagwe, huku ikimkataza kujenga nyumba au kupanda miti itakayorefuka na kuufikia waya.

Kwa mlowezi mwenye maelfu ya ekari masharti hayo yalikuwa mepesi, maana mita 30 zilipotelea katika shamba lake bila hata kubadilisha mpangilio wa mazizi. Historia ya ardhi ndiyo iliyoyafanya kuwa mazito. Baada ya uhuru, na hasa katika miaka ya 1970, makampuni ya kununua ardhi, Ngwataniro likiwa miongoni mwa yale mashuhuri zaidi Nakuru, yalichukua mashamba ya walowezi na kuyagawa kwa wanahisa, na wanahisa nao, au watoto wao, wakavigawa vipande vyao tena na kuviuza kwa ploti. Ploti ya kawaida katika viunga vya Nakuru, ile ambayo kila dalali huitaja kwa jina la hamsini kwa mia, ina urefu wa futi 100, ambazo ni karibu mita 30 na nusu. Hesabu hii inastahili kutazamwa kwa makini: ukanda uliokuwa uzi mwembamba katika ramani ya shamba la zamani una upana wa kumeza ploti nzima ya mnunuzi wa leo. Makubaliano yaliyotiwa saini na mtu mmoja yakawa yanawafunga watu mamia ambao hawakuwahi kuyasoma, na wengi wao walianza kujua kwamba yapo siku mwashi alipokuwa ameshainua ukuta.

Hatari yenyewe huwa haieleweki vizuri hata na wale wanaoishi nayo kila siku. Nyaya za laini kubwa, na nyingi za kilovoti 11 na 33 zinazosambaza umeme mitaani na mashambani, ni tupu. Hazikuvikwa plastiki kama waya wa ndani ya nyumba, na kinachouzuia umeme usitoke ni hewa inayouzunguka waya pamoja na vihami, yaani vile vikombe vya kauri au kioo vinavyouning'iniza kwenye nguzo. Si lazima chuma kiuguse waya ndipo umeme upite. Kikisogea karibu mno, hewa iliyobaki hushindwa kuzuia, na umeme huruka na kushuka ardhini kupitia chuma hicho na mwili wa aliyekishika. Ndiyo sababu vifaa vinavyoua mara nyingi si vya fundi wa umeme hata kidogo: ni chuma cha nguzo ya zege kinachosimamishwa kwenye paa la ghorofa, ni ngazi ya alumini ya mpaka rangi, ni bomba jepesi la kunyunyizia maji ambalo kibarua wa shamba hulisimamisha wima ili kumwaga uchafu uliomo, ni sanduku la lori la kumwaga kokoto lililoachwa limeinuliwa. Gari likishika waya, hata ardhi inayolizunguka huwa na umeme unaopungua kadiri mtu anavyokwenda mbali, kiasi kwamba hatua moja ndefu yaweza kuupitisha umeme kutoka mguu mmoja hadi mwingine.

Kanuni zilizomtazama mfanyakazi wa ujenzi aliye karibu na waya zilikuja mwaka 1984, zilipotungwa chini ya Sheria ya Viwanda kanuni za shughuli za ujenzi na kazi za uhandisi. Zilifuata nyayo za kanuni za Uingereza za mwaka 1961, ambazo wajibu wake mkuu ulikuwa kwamba kabla ya kazi kuanza na wakati inapoendelea zichukuliwe hatua zote zinazowezekana ili waya wenye umeme usiwadhuru walioajiriwa, ama kwa kuuzima au kwa kuweka vizuizi vya kuwatenga nao. Maneno kama hayo ni mapana na yana busara yake, kwani hakuna mtunga kanuni awezaye kukisia kila aina ya kreni na kila mteremko. Lakini upana huo huo humwachia msimamizi wa ujenzi kazi ya kuamua kilicho salama kwa macho tu, akiwa na saruji inayokauka na tajiri anayesubiri. Nchi nyingine ziliamua kutaja vipimo: Marekani huweka futi 10 kama umbali wa chini kabisa kwa laini zisizozidi kilovoti 50, na mwongozo wa Uingereza kwa miaka mingi ulitaka tahadhari za pekee kazi inapokuwa ndani ya mita 9 kutoka laini ya nguzo za mbao, au mita 15 kutoka laini ya minara ya chuma. Mita inaweza kupimwa hata na kibarua mwenyewe, na hiyo ndiyo faida ambayo maneno mapana hayana.

Miaka iliyofuata ilileta sheria nyingi kwa kasi. Marekebisho ya mwaka 1990 yalipanua Sheria ya Viwanda ili iguse pia sehemu nyingine za kazi, na mwaka 2007 mahali pake pakachukuliwa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini, inayohusu kila mahali pa kazi, shamba likiwemo. Upande wa umeme, Sura ya 314 ilifutwa na sheria ya mwaka 1997, nayo ikafuatwa na Sheria ya Nishati ya mwaka 2006, kisha ile ya mwaka 2019 iliyounda mamlaka ya udhibiti ya sasa, EPRA. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini, nayo ya mwaka 2007, ilimpa mfanyakazi aliyelemaa kabisa haki ya fidia inayolingana na mshahara wa miezi 96, ingawa mabishano mahakamani kuhusu uhalali wa baadhi ya vifungu vyake hayakumalizwa hadi Mahakama ya Juu ilipoamua mwaka 2019. Hata hivyo mgawanyiko wa zamani ulibaki ndani ya taasisi mpya: mkaguzi wa usalama kazini yuko chini ya wizara ya kazi, mdhibiti wa nishati yuko chini ya wizara nyingine, na ramani ya jengo hupitishwa na kaunti.

Masalia ya sheria za kale huonekana mahali pasipotarajiwa. Matangazo ya Kenya Power ya kukatika kwa umeme, yanayoorodhesha maeneo ya Nakuru chini ya kanda ya Central Rift na saa ambazo umeme hautakuwepo, yamekuwa yakitolewa kwa jina la kanuni ya 27 ya Kanuni za Nguvu za Umeme. Wasomaji wengi huyachukulia kama habari za kero tu, kumbe ndiyo sehemu ya utaratibu wa usalama inayoonekana hadharani. Nyuma yake kuna hatua ambazo mwananchi hazioni: laini huzimwa, swichi yake hufungwa isiwashwe na mtu mwingine, hupimwa kuhakikisha kwamba kweli haina umeme, kisha huunganishwa na ardhi ili hata ikiwashwa kwa makosa umeme ushuke bila kumpitia mtu, baada ya hayo tu ndipo hutolewa kibali cha kazi, hati inayotaja nani anafanya nini, wapi na hadi saa ngapi. Utaratibu huu hutumiwa na mafundi wa kampuni. Mkandarasi mdogo wa ghorofa ya mtaani anaweza kuomba laini izimwe, lakini maombi huchukua muda, na muda wake huhesabiwa kwa malipo ya vibarua kila jioni.

Kimo cha waya nacho kina historia yake. Kanuni za Uingereza, ambazo zilikuwa kielelezo cha wahandisi wa enzi za ukoloni, hutaka waya wa hadi kilovoti 33 uwe angalau mita 5.2 juu ya ardhi, na mita 5.8 unapovuka barabara, vipimo vilivyowazwa kwa ajili ya watu, mifugo, mikokoteni na malori. Mwezi Februari 2021 twiga watatu wa jamii ya Rothschild waliuawa na umeme katika hifadhi ya Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori likaeleza kwamba nguzo zilikuwa fupi kuliko inavyofaa mahali penye twiga. Twiga dume aliyekomaa hufika mita 5.5 na zaidi. Tukio hilo, lililoandikwa hata nje ya nchi kwa sababu waliokufa walikuwa wanyama adimu, lilionyesha kwamba kipimo kinaweza kufuatwa kikamilifu na bado kikawa hakifai mahali kilipopelekwa.

Mjini, badiliko kubwa limekuwa la kwenda juu. Mtaa wa Bondeni, mmoja wa mitaa ya kwanza ya Waafrika mjini Nakuru, ulijengwa kwa nyumba za chini ambazo paa zake zilikuwa mbali na nyaya, na leo Bondeni hiyo hiyo ina mradi wa serikali wa nyumba 605 za bei nafuu katika majengo ya ghorofa. Mradi wa ukubwa huo huwa na mhandisi, bima na bango lenye majina ya wanaohusika, na mkaguzi hujua pa kuupata. Katika mitaa ya Kaptembwo na Rhonda mjini humo, ambako mwenye ploti huongeza ghorofa moja kila anapopata pesa, mambo ni tofauti: nguzo ilitangulia, nyumba ikafuata, na varanda ya orofa ya pili ikachomoza hadi kwenye waya uliokuwa juu ya paa la mabati. Sheria ya Nishati humpa mwenye laini uwezo wa kudai jengo liondolewe katika ukanda wake, na sheria ya kazi humpa mkaguzi uwezo wa kusimamisha shughuli yenye hatari, lakini kwa kuwa nyumba ya namna hiyo hujengwa Jumamosi na Jumapili na mafundi watatu au wanne wasio na mkataba ulioandikwa, mara nyingi ofisi hizo mbili huipata habari yake kwa pamoja, kupitia taarifa ya ajali.