Nani Alichimba Shimo? Banalia, Kutoka Mtaimbo Hadi Kekee ya Trekta

Ndugu wahitimu, leo naomba tuongee juu ya shimo. Ndiyo, shimo la kusimikia nguzo. Msicheke kwanza.

Mwaka jana baba mkubwa alitaka kuzungushia uzio shamba letu la Banalia, lile linalopakana na barabara ya Kisangani. Tulikuwa vijana wanne na mitaimbo miwili, beleshi na kopo la kutolea udongo. Udongo ule mwekundu ukiwa na maji unanata kama ugali. Ukikauka unakuwa tofali. Halafu kuna mizizi. Mimi nilichimba mashimo manne, mikono ikatoka malengelenge, nikaanza kujifanya napokea simu.

Usiku nikamwonyesha baba mkubwa video ya trekta yenye kekee nyuma, kama kekee ya seremala lakini kubwa, mnene kama ndoo. Pampu ya trekta inasukuma mafuta kwa nguvu kwenye mipira, mafuta yanazungusha mota iliyo juu ya kekee, na chuma kinashuka ardhini. Kikikwama kwenye mzizi, valvu inafunguka, mafuta yanarudi, mashini haivunjiki. Dereva anageuza mzunguko, kekee inajitoa yenyewe. Shimo la karibu mita moja linaisha kabla hujamaliza kusalimia watu. Ila usisogee karibu na nguo inayopepea: ikishika kitambaa, inavuta na mwenyewe.

Nikajiuliza: kwa nini kitu hiki hakikutufikia zamani? Jibu la haraka ni umaskini. Mimi naona historia ina jibu lingine.

Juni 1887 msafara wa Stanley ulijenga kambi Yambuya, chini kidogo ya kwetu kwenye mto Aruwimi. Walichimba mtaro, wakasimika miti, kambi ikawa na ukuta. Stanley akaendelea kumtafuta Emin Pasha, akaacha kikosi cha nyuma chini ya Meja Edmund Barttelot. Wengi wa kikosi kile walikuwa watu walioajiriwa Zanzibar. Ndani ya ukuta walikufa kwa njaa, kwa magonjwa, na kwa mihogo michungu isiyoloweshwa vizuri. Mwaka uliofuata waliobaki wakasogea hadi hapa Banalia, na hapa ndipo Barttelot alipopigwa risasi, tarehe 19 Julai 1888. Stanley aliporudi mwezi wa Agosti, alikuta kikosi kimekwisha.

Maofisa waliacha shajara, zikachapishwa Ulaya, watu wakabishana miaka juu ya heshima yao. Shajara ya aliyechimba ule mtaro sijawahi kuiona. Na Stanley ndiye aliyeitwa Bula Matari, mvunja mawe, jina ambalo baadaye lilihamia kwa Leta yenyewe. Mawe walivunja wengine, jina akachukua yeye.

Wakoloni wa Ubelgiji wakaendeleza hesabu ileile. Mwaka 1917 sheria iliruhusu kumlazimisha mwanakijiji kulima mazao yaliyoamriwa hadi siku 60 kwa mwaka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwaka 1942, zikawa 120. Sasa angalieni upande wa pili. Harry Ferguson alishapata hati ya uvumbuzi wa mfumo wake wa kubeba vifaa nyuma ya trekta mwaka 1926, na kuanzia 1946 trekta zake ndogo za TE20 zikawa zinatoka kiwandani Coventry, Uingereza. Kule mkono wa mtu ulikuwa na bei, kwa hiyo mkulima alipiga hesabu akaona mashini ni nafuu. Hapa mkono ulikuwa unachukuliwa kwa amri. Nani atanunua kekee wakati shimo ni la bure? Hata baada ya uhuru tulikutana na salongo ya Mobutu, tukaimba tukichimba.

Basi nikamwambia baba mkubwa: tukodishe trekta Kisangani, tuachane na utumwa huu. Akanyamaza, halafu akasema: «Mtoto yangu, ile mashini iko inakimbia kuliko maneno.»

Sikumwelewa mpaka siku ya tatu. Jirani alikuja, akasimama kwenye shimo la kumi na saba, akasema mpaka wa marehemu baba yake unapita kwenye mchikichi, hatua sita nyuma. Tukaketi. Wazee wakaitwa. Tukafukia mashimo matano. Roho iliniuma, mawili yalikuwa yangu! Lakini tulipatana.

Trekta ingekuwa imemaliza saa nne asubuhi. Tangu sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, udongo ni mali ya Leta, na mipaka mingi ya kijijini iko vichwani mwa wazee, si kwenye karatasi. Mwenye kekee na pesa anaweza kuzungusha uzio kabla wazee hawajaamka.

Sisemi tukatae mashini. Mgongo wangu bado unaitaka. Nasema mpaka uzungumzwe kwanza, wazee watembee, vijiti viwekwe, ndipo mafuta yawashwe. Na vijana wanaolipwa kwa shimo wafundishwe kuiendesha, wasiachwe pembeni wakitazama.

Kwenu je? Uzio wa shule au kanisa la kijijini kwenu, mashimo alichimba nani, na alilipwa? Muulizeni mzee mmoja wiki hii, mniandikie.