Kupiga picha za anga la mbali kwa darubini ukiwa Kilema

Msikilizaji, anga la mbali ni vitu vilivyo nje ya familia ya jua letu: mafungu ya nyota, mawingu ya gesi na galaksi. Kilimia, ambacho wakulima walikitazama kujua majira, ni fungu la nyota la aina hiyo. Vingi ni hafifu kwa jicho, lakini kamera ikiachwa wazi kwa dakika kadhaa hukusanya nuru yake kidogo kidogo.

Tatizo ni kwamba dunia inazunguka, nyuzi 15 kila saa. Kamera iliyowekwa tuli itakupa michirizi badala ya nyota. Ndiyo maana darubini hufungwa kwenye stendi yenye mota inayofuata anga. Ubavuni huwekwa darubini ndogo yenye kamera yake, kazi yake kuchunga nyota moja tu. Nyota ikisogea, kompyuta huiamuru mota irekebishe. Programu ya PHD2 hufanya kazi hiyo, na ni ya bure.

Kwetu kazi ngumu ni kuelekeza stendi. Mhimili wake lazima ulingane na mhimili wa dunia, na maelekezo mengi ya Ulaya na Marekani yanakuambia ulenge Nyota ya Kaskazini. Kilema iko nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta. Nyota hiyo iko chini ya upeo, tena upande huo mlima umesimama. Wewe lenga kusini, upande wa tambarare, nyuzi 3 tu juu ya upeo. Stendi nyingine haziwezi kushuka kiasi hicho. Fupisha mguu wa kusini, na hakikisha uzito wa kusawazisha haugongi miguu.

Hapo kusini hakuna nyota angavu ya kukuongoza, kwa hiyo pima kwa mwendo. Tazama nyota iliyo karibu na utosi. Ikihama kuelekea kaskazini au kusini, geuza stendi kushoto au kulia hadi itulie. Kisha chukua nyota ya mashariki, urekebishe juu au chini. Inaweza kula saa nzima. Usiiruke.

Anza na Nebula ya Orioni, miezi ya Desemba hadi Machi. Iko umbali wa miaka ya nuru 1,300 hivi, na inang'aa vya kutosha kumsamehe anayejifunza. Piga picha 60 za dakika moja moja, kisha ziunganishe kwa Siril, nayo ya bure. Chagua usiku usio na mwezi, utoke kwenye migomba. Umande wa huku juu huifunika lenzi, basi ikague mara kwa mara.

Kuhusu fedha: tangazo la darubini inayokuza mara 500 lisikuvute. Stendi imara ndiyo inayostahili sehemu kubwa ya bajeti. Kabla ya kununua chochote, egemeza simu yako kwenye jiwe, weka hali ya usiku, uone anga la kihamba chako lina giza kiasi gani.