Dhihaka ya Nyumbani na Dhihaka ya Jirani

Mwaka 1996 Aaron McGruder, mwanafunzi mweusi wa Marekani, alichora katuni katika gazeti la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maryland. Katuni hizo, The Boondocks, ziliingia katika televisheni mwaka 2005, zikadumu mpaka 2014. Habari yake ni ya mzee Robert Freeman, aliyehama Chicago na wajukuu wake wawili akakae katika kitongoji cha Wazungu wenye mali. Mzee adhani amefika; Huey, mjukuu mkubwa, haoni ila utumwa uliobadili nguo. Kati yao huzunguka Uncle Ruckus, mweusi anayewachukia weusi na kuwasujudia Wazungu, naye hana zaidi ya vibarua. Hapo rangi na tabaka hazitengani: kinachochekwa ni unyonge unaolinda heshima ya bwana. Wako waliokasirika, na haikosi walikuwa na sababu. Mwaka 2006 sehemu moja ilimwonyesha Martin Luther King akizinduka kutoka usingizi mrefu na kuwakemea watu wake. Mchungaji Al Sharpton alidai radhi, nayo sehemu ile ile ikapata tuzo ya Peabody.

Watu wa Ngara na Biharamulo wanayo mizani yao ya kulipima jambo hili. Televisheni ilichelewa kuwafikia, kwani Tanzania Bara haikuwa nayo kabla ya 1994. Lakini tarehe 28 Aprili mwaka huo huo mpaka wa Rusumo ulifurika: kwa muda wa siku moja yapata watu robo milioni walivuka kutoka Rwanda, wakatua Benaco, wilayani Ngara. Wasio na hatia walikuwamo, na wauaji walikuwamo. Katika nchi waliyoiacha, michoro ya gazeti la Kangura ilikuwa imemdhihaki Mtutsi tangu 1990, na redio RTLM, tangu 1993, ikachanganya muziki, mizaha na chuki. Watu waliisikiliza kwa kuwa ilichekesha.

Katuni ni katuni, atasema mtu. La. McGruder alimchora babu wa nyumba yake, na aliyecheka alijicheka. Kangura ilichora uso wa jirani. Aliyecheka hakutoa kitu chake. Mhariri wake, Hassan Ngeze, alihukumiwa Arusha mwaka 2003 na mahakama ya kimataifa.

Huko Ngara kambi zilikuwa zimejaa watu waliozoea redio ya namna ile. Mwaka 1995 Wajesuiti wahudumiao wakimbizi walianzisha hapo Radio Kwizera.