Risasi Iliyonyamazisha Injini

Injini ya petroli inapogonga, tatizo huanzia ndani ya silinda. Cheche ya plagi huwasha mchanganyiko wa petroli na hewa, na moto husambaa kuelekea pembezoni. Sehemu ambayo bado haijafikiwa na moto hubanwa, ikapata joto, ikalipuka yenyewe. Mlipuko huo ukizidi huweza kutoboa pistoni.

Mwaka 1916, mjini Dayton, Ohio, Charles Kettering alimpa mhandisi kijana Thomas Midgley kazi ya kutafuta dawa yake. Midgley alidhani petroli ikitiwa rangi nyekundu itafyonza joto na kuwaka vizuri. Rangi hakuwa nayo, akatia iodini. Kugonga kukapungua. Alipojaribu rangi nyekundu halisi, injini iligonga kama kawaida. Dhana yake ilikuwa mbovu, ila sasa alijua kwamba kemikali kidogo tu huweza kubadili namna petroli inavyowaka.

Akaendelea kujaribu dawa moja baada ya nyingine. Anilini ilisaidia kiasi. Teluri ilisaidia zaidi, lakini ilinuka mithili ya kitunguu saumu, na harufu ikawaganda mwilini yeye na wenzake. Tarehe 9 Desemba 1921 ikafika zamu ya tetraethili ya risasi, kemikali yenye metali ya risasi, na injini ikatulia. Sehemu moja yake ilitosha kwa zaidi ya sehemu elfu moja za petroli.

Kipimo cha Dayton kilikuwa sauti ya injini. Mapafu ya watu waliovuta moshi wake hayakuwemo katika jaribio, ingawa sumu ya risasi ilijulikana tangu kale. Midgley mwenyewe iliwahi kumfanya augue mwanzoni mwa 1923, mwaka ambao petroli hiyo ilianza kuuzwa. Oktoba 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda cha kutengeneza dawa hiyo huko Bayway, New Jersey, walirukwa na akili kisha wakafa. Kabla mwezi haujaisha, Midgley aliinawa dawa hiyo mikononi mbele ya waandishi wa habari ili kuonyesha ni salama. Mei 1925, katika mkutano wa Washington, daktari Alice Hamilton wa Harvard aliipinga waziwazi. Mauzo yalikuwa yamesitishwa, lakini mwaka uliofuata yaliruhusiwa tena.

Linaloniuma zaidi ni kwamba njia nyingine ilikuwepo. Kettering na Midgley walijua fika kuwa alkoholi nayo huzuia kugonga. Ila alkoholi ilikuwa mali ya kila mtu. Hataza ya faida ilikuwa kwenye risasi.

Vita Kuu ya Pili ikaipa risasi heshima kubwa. Tabo, pampu ya hewa ya injini, husukuma hewa nyingi ndani ya silinda, na hewa ikibanwa zaidi, hatari ya kugonga huongezeka. Ndege za Marekani za B-17, zenye tabo, ziliruka juu sana kwa petroli ya oktani 100 (oktani ni kipimo cha kuhimili kugonga) iliyotiwa risasi.

Kuiondoa barabarani kulichukua miongo. Mkutano wa Dakar wa Juni 2001 uliazimia kuifuta kusini mwa Sahara, na mwanzoni mwa 2006 kazi hiyo ikakamilika. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari, Julai 2021. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa likautangaza mwisho huo kutoka Nairobi tarehe 30 Agosti. Ndege ndogo za pistoni hazikuhusishwa. Nyingi bado zinatumia petroli yenye risasi, na wanaotafuta mbadala wake wanaujaribu kwa swali lilelile la Dayton: je, injini itagonga?