Shirazi (jina la ukoo)

Shirazi ni jina la ukoo la Kiajemi, maana yake mtu wa Shiraz, mji wa mkoa wa Fars kusini mwa Iran. Limeundwa kwa kiambishi cha nisba -i, kinachoonyesha asili ya mtu, kama Isfahani na Tabrizi. Kwa karne nyingi lilikuwa nisba ya kumtambulisha msomi aliye mbali na kwao. Ndivyo alivyojulikana mwanafalaki Qutb al-Din al-Shirazi (1236–1311). Sheria ya mwaka 1925 ilipowataka Wairani wote wawe na majina ya ukoo, nisba nyingi za namna hii zikawa majina rasmi ya kurithiwa. Aliyelipa uzito mkubwa wa kisiasa ni mwanazuoni Mirza Shirazi: fatwa ya 1891 iliyotolewa kwa jina lake iliharamisha tumbaku, watu wakaacha kuvuta, na Shah wa Iran akalazimika kufuta ukiritimba wa tumbaku aliowapa Waingereza. Jina hili limeenea pia Iraki, Pakistani na India.

Washirazi wa pwani ya Afrika Mashariki wasichanganywe na wenye jina hili la ukoo. Kwao Shirazi ni utambulisho wa jamii nzima, uliobebwa hata na chama cha Afro-Shirazi kilichoundwa Zanzibar mwaka 1957.